Gari la Kale Halipimwi kwa Bei ya Unga

Kwenye gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, kando ya Kirinyaga Road kule Nairobi, na hata sebuleni kwa ndugu zetu walioko Birmingham au Minneapolis, mazungumzo ya magari ya kale huwa na madai yale yale. Nchi hii maisha ni nafuu, basi na gari la kale huko ni nafuu. Nchi ile ni ya matajiri, basi hao ndio wenye uwezo nalo. Yangekuwa maneno ya kupitishia jioni tu, nisingejisumbua kuyajibu. Lakini watu huyafanyia kazi. Kuna anayeuza Peugeot 504 ya marehemu baba yake kwa bei ya chuma chakavu akiamini kwamba kutunza gari kama hilo ni jambo la Wazungu, na kuna anayemaliza kiinua mgongo chake kwenye Land Rover ya miaka ya sitini akiamini kwamba hapa kwetu haitamla fedha. Wote wawili wamepigiwa hesabu mbaya.

Dai la kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote: kwetu maisha ni nafuu, kwa hiyo kutunza gari la kale ni nafuu.

Kilicho nafuu kwetu ni mikono ya fundi. Hilo ni kweli na halina ubishi. Siku nzima ya fundi wa bodi, anyooshe mlango na achomelee sakafu iliyoliwa na kutu, hulipwa fedha ambayo Uingereza hainunui hata saa moja ya gereji ya magari ya kale. Nyumba ya kupanga ni nafuu, mboga ni nafuu, kinyozi ni nafuu, kwa sababu vyote hivyo hutegemea ujira wa hapa hapa. Lakini gari haliishi kwa mboga. Linaishi kwa petroli, oili, matairi, kabureta, gasketi ya silinda hedi na bushi, na bidhaa hizo zina bei ya dunia. Pampu ya maji inayoagizwa kutoka Ulaya haishuki bei kwa kuwa inakwenda Mbagala. Inapanda, kwa sababu ya nauli na ushuru.

Tupige hesabu kwa saa za kazi, maana dola hudanganya. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Kwa wiki ya saa 40, hiyo ni chini kidogo ya shilingi 2,900 kwa saa. Petroli Dar es Salaam ilikuwa inazunguka kwenye shilingi 2,800 kwa lita. Lita moja, karibu saa nzima ya kazi. Nairobi hali ilikuwa ngumu zaidi: kibarua wa kima cha chini, mwenye takriban shilingi 16,100 za Kenya kwa mwezi na wiki ya saa 52, alihitaji zaidi ya saa mbili na nusu kununua lita moja. Ujerumani, ambako mwaka huo huo kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa na petroli karibu euro 1.70, lita hiyo ilikuwa dakika nane.

Sasa chukua 504 yenye kabureta, inayokunywa lita 10 kwa kilomita 100 ikiwa imetunzwa vizuri. Dar hadi Morogoro, karibu kilomita 190, ni zaidi ya siku mbili za kazi za mtumishi yule, kwenda tu. Mjerumani wa kima cha chini anamaliza safari ya urefu huo kwa saa mbili na nusu za jasho lake. Na hapo hatujagusa spea hata moja.

Tena unafuu wa fundi wenyewe una mtego. Fundi wetu hodari hakosi ujuzi. Anakosa bati la unene unaotakiwa, anakosa kitabu cha gari, na mara nyingi anakosa mteja atakayelipia kazi polepole. Matokeo yake kutu inafunikwa kwa puti, rangi inapigwa juu, na baada ya masika mbili malengelenge yanaanza kutokea chini ya milango. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na sijaona mahali neno hilo linatimia kama kwenye bodi ya gari la kale iliyopakwa puti. Kuna pia gharama ambayo haikuwepo wakati magari haya yanatengenezwa: petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Afya za watoto wetu zilidai hivyo, na ilikuwa haki. Lakini injini nyingi za zamani zilitegemea risasi ile kulinda makao ya valvu, na anayetaka injini yake idumu hana budi kuweka makao ya chuma kigumu. Kazi hiyo inataka mashine ya kukerezea na mtu anayejua kuitumia.

Anayebisha atasema: basi nenda Muscat, mafuta ni bure. Si bure, ila ni nafuu kweli. Serikali ya Oman iliweka kikomo cha bei mwishoni mwa 2021, baisa 229 kwa lita ya petroli ya M91. Wazanzibari wenye ndugu huko wanajua pia yanayolipata gari linaloachwa juani: dashibodi inapasuka, mipira ya milango inakauka, mabomba ya mpira yanakuwa kama makuti. Pale gharama inahama kutoka kwenye tangi na kuingia kwenye kivuli. Bila nyumba ya gari, akiba ya mafuta inaishia kwenye mipira.

Dai la pili ni ndugu wa la kwanza: Ulaya gari la kale ni mchezo wa matajiri.

Wapo matajiri, na minada yao inajulikana. Mercedes 300 SLR ya mwaka 1955, ile ijulikanayo kwa jina la Uhlenhaut, iliuzwa euro milioni 135 mwezi Mei 2022. Habari ya namna hiyo inavuka bahari kwa siku moja. Isiyovuka ni habari ya dereva wa basi mwenye MGB ndani ya banda la mbao nyuma ya nyumba.

Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 huweza kusajiliwa kama la kihistoria, na mwenyewe halipi kodi ya barabara hata senti. Tangu Mei 2018 magari mengi ya umri huo hayalazimiki hata kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, mradi hayajabadilishwa sana maumbile yake. Hutozwi ukiingia nalo eneo la London linalotoza magari yenye moshi mchafu. Bima yake mara nyingi ni nafuu kuliko ya gari la kila siku, kwa sababu unaahidi kutembea maili chache kwa mwaka, na thamani ya gari mnakubaliana mapema na kampuni. Likiibiwa, kampuni haiwezi kudai kwamba lilikuwa chuma kikuukuu.

Ujerumani ina namba za usajili zenye herufi H mwishoni, tangu 1997. Gari likiwa na miaka 30 na kuendelea, likiwa katika hali nzuri na karibu na asili yake, hulipiwa kodi moja ya euro 191.73 kwa mwaka, liwe na injini ndogo au kubwa. Kwa kima cha chini cha 2025 hizo ni karibu saa 15 za kazi. Mtu analipia mwaka mzima wa barabara kwa siku mbili.

Spea ni habari nyingine ambayo Mswahili akiisikia huduwaa. MGB ilitengenezwa kati ya 1962 na 1980, zaidi ya magari nusu milioni. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza tena kutengeneza bodi zake nzima, kwa mitambo ya asili. Bodi yako ikiliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, unanunua bodi mpya. Yote haya yanawezekana kwa sababu wenye magari hayo ni wengi, wamejiunga kwenye klabu, na klabu zinasema kwa sauti moja mbele ya serikali.

Ghali kwao ni kile kilicho nafuu kwetu. Gereji ya magari ya kale Uingereza hutoza takriban pauni 60 hadi 100 kwa saa, kabla ya VAT. Kulifufua gari kuanzia kwenye chesesi kunaweza kula saa 1,000. Ndiyo maana Mwingereza wa kipato cha kawaida hufanya kazi mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, na usiku wa baridi anasoma kitabu cha gari lake. Hakuna utajiri hapo. Kuna muda, kuna banda, na kuna sheria iliyoamua kutomsumbua.

Kuhusu orodha za miji ghali duniani, ambazo watu huzinukuu kama msahafu, nitasema machache. Orodha maarufu ya kampuni ya Mercer huandaliwa kwa ajili ya makampuni yanayopeleka wafanyakazi nje ya nchi zao. Luanda iliwahi kuwa ya kwanza kwa ughali duniani mara kadhaa, 2010 ikiwemo, na tena 2017. Je, Mwangola wa kawaida aliishi kwa gharama kuliko mtu wa Tokyo? Hapana. Kikapu kilichopimwa kilikuwa cha mgeni anayetaka nyumba yenye ulinzi na vyakula vya kuagizwa. Hakuna kikapu cha aina hiyo chenye fundi bodi ndani yake, wala gasketi ya gari la mwaka 1972.

Kisha huja Cuba. Husemwa kwamba Wakuba wanayatunza magari yao ya Kimarekani ya miaka ya hamsini kwa mapenzi, na sisi tungekuwa na mapenzi kama yao tungeweza.

Nawaheshimu sana mafundi wa Havana, na ndiyo maana dai hili linaniuma. Linawapora sababu halisi ya ustadi wao. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani vilivyofuata, magari mapya ya Detroit yalikoma kuingia, na spea nazo zikakoma. Hadi 2011, magari yaliyokuwepo kabla ya mapinduzi ndiyo pekee ambayo raia waliweza kuuziana kwa uhuru. Chevrolet ya babu ikawa mali isiyo na mbadala. Januari 2014 serikali ilipofungua mauzo ya magari mapya kwa kila raia, Peugeot 508 iliwekwa bei ya takriban dola 262,000, katika nchi ambayo mshahara wa mwezi wa serikali ulikuwa karibu dola 20. Gawanya mwenyewe: zaidi ya miaka 1,000 ya mshahara. Mtu aliyewekewa bei hiyo hachagui gari la kale. Hana lingine. Ukifungua boneti ya mengi kati ya magari yale yanayong'aa utakuta injini ya dizeli ya Kijapani, au moyo wa Lada au Volga. Yanabeba abiria na watalii kwa sababu lazima yalishe familia.

Tuna mfano wa jirani unaofundisha jambo hilo hilo, ila haupigwi picha za kadi za posta. Addis Ababa imejaa Volkswagen kobe na teksi za Lada zilizodumu miongo mingi. Ethiopia ilitoza kodi nzito mno kwa magari yanayoingia, na sheria ya 2020 ikafikisha ushuru wa bidhaa kwa magari yaliyotumika zaidi ya miaka saba hadi asilimia 500. Mwaka 2024 ikazuia kabisa kuingiza magari ya petroli na dizeli. Kobe la mwaka 1970 likabaki gari la familia kwa sababu kodi ililizuia lisibadilishwe. Wanaolisifu kama ishara ya maisha nafuu wamesoma picha kichwa chini miguu juu.

Na Japani? Dai hapa ni kwamba Mjapani hutupa gari lake likiwa bado zima kwa kuwa fedha imemzidi, na ndiyo neema inayotuletea Toyota pale bandarini.

Mjapani hatupi, anasukumwa. Gari binafsi hupita ukaguzi mkubwa baada ya miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila baada ya miwili, na gharama ya kila ukaguzi pamoja na kodi na bima yake ya lazima si ndogo. Gari la petroli likizidi miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda kwa takriban asilimia 15, na kodi ya uzito hupanda pia. Singapore wanasukuma kwa nguvu zaidi: haki ya kumiliki gari ni kibali cha miaka 10, na Oktoba 2023 kibali cha magari makubwa kilifika dola 150,001 za Singapore, kabla hujanunua gari lenyewe. Magari mengi kwenye barabara zetu yalifika kwa sababu sheria ya nchi nyingine ilifanya umri kuwa ghali. Kwa hiyo bei ya gari Japani haikwambii maisha ya Japani yakoje. Inakwambia kodi yao inataka nini.

Na sheria zetu zinataka nini? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haizuii, lakini gari dogo lililozidi miaka 10 huongezewa ushuru wa asilimia 30 kwa ajili ya umri wake, juu ya ushuru wa forodha na kabla ya VAT. Marekani ni kinyume kabisa: gari la nje lisilokidhi viwango vyao vya usalama hukaa nje mpaka litimize miaka 25, kisha mlango hufunguka. Ndiyo sababu Nissan Skyline GT-R ya 1989 ilipanda bei sana ilipokaribia 2014. Uingereza hulipokea gari la zaidi ya miaka 30 lenye thamani ya kihistoria bila ushuru wa forodha, kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20. Mlango unaofungwa Mombasa gari likiwa na miaka minane ndio unaofunguliwa kwingine gari likizeeka.

Sidai kwamba kikomo cha Kenya hakina sababu. Kilikusudiwa kuzuia nchi isiwe jalala la mitumba iliyochoka, na kazi hiyo kinaifanya. Lakini athari yake kwa magari ya kale ni moja: yaliyopo ndiyo hayo, hayataongezeka. Kila 504 inayokatwa kwa gesi pale Gikomba ni moja isiyorudi. Gari hilo liliunganishwa Mombasa, na Kaduna huko Nigeria, muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Datsun 240Z ilishinda 1971, kisha 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Sifa ya magari hayo ilizaliwa kwenye matope ya Afrika Mashariki, na leo wanaofaidi bei iliyopandishwa na sifa hiyo wengi wao wako mbali sana na matope hayo. Tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic huleta Porsche 911 na Ford Escort kwa meli kutoka Ulaya zije zikimbie kwetu. Ni jambo zuri, nalipenda. Natamani tu mengi zaidi ya magari hayo yawe yamelala kwenye mabanda ya Nakuru na Arusha, si kwenye makontena.

Dai la kwamba gari la kale ni uwekezaji halihitaji kurasa nyingi. Wanaolitoa hutaja Ferrari 250 GTO iliyouzwa dola milioni 48.4 mwaka 2018. Hilo ni gari moja kati ya machache yaliyotengenezwa. Land Rover yako ya shamba inaweza kupanda bei, lakini toa kwanza banda, bima, matairi yanayozeeka bila kutembea, na kushuka kwa thamani ya shilingi. Tena kwetu kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari lililopita miaka 15, kwa hiyo likiungua umepoteza vyote. Linunue ukilipenda. Akiba ya uzeeni iweke pengine.

Limebaki dai ambalo hutolewa na watu wema, nami nalipa uzito: magari haya yanachafua hewa, hayana mkanda wa nyuma wala mfuko wa hewa, basi yaondoke.

Ni kweli yanachafua kwa kila kilomita kuliko gari la leo. Swali ni kilomita ngapi. Daladala chakavu linalopita Ubungo mara nane kwa siku na Mercedes ya mwaka 1968 inayotoka Jumapili mbili kwa mwezi haviwezi kuwekwa kapu moja, na sheria inayopima umri peke yake inaviweka kapu moja. Wajerumani walilitatua hilo kwa kudai ubora na uasili kabla ya kutoa herufi H. Kwetu pia kuna njia zilizokwisha kulimwa. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Asiyetembea halipi. Bila kukusudia, hiyo ikawa sheria rafiki kwa gari la kale kuliko nyingi za Ulaya. Kenya mwaka 2024 ilipendekeza kodi ya mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000. Ingemtoza mwenye gari lililolala sawa na mwenye gari linalozunguka mji. Iliondolewa Juni mwaka huo.

Kinachokosekana ni daraja la usajili. Miaka 30 kama inavyopendekezwa na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966. Kikomo cha kilomita kinachosomwa kwenye ukaguzi. Marufuku ya kubeba abiria kwa malipo. Na bima ya thamani iliyokubaliwa. Kwa daraja hilo, fundi wetu angepata mteja anayejua gari lake lina mahali kisheria, na mteja angekubali kulipia bati jipya badala ya puti.

Hadi hapo, aliye na gari la mzee uani asilikabidhi kwa mnunuzi wa chuma kabla hajakagua vitu vitatu: kadi ya gari au logibuku, kibati cha kiwandani chenye namba ya chesesi, na namba iliyogongwa kwenye injini. Zikilingana zote, mwambie mwenye mzani wa chuma aende, kisha ulitafutie gari hilo paa.